Mwenye Ufunguo Si Mwenye Nyumba

*Haya ni maneno aliyoyasema wakala mmoja wa kupangisha nyumba mbele ya familia zilizowasili karibuni, katika kikao chetu cha Jumamosi hapa Johannesburg. Tumeyaandika kama alivyoyasema, kwa ajili yako ambaye hukuweza kufika.*



Naona baadhi yenu mmekuja na mabegi yenu hadi hapa ukumbini, mmeyaweka katikati ya miguu. Sicheki. Hata mimi nililibeba langu hivyo hivyo. Niliingia mji huu mwaka 2009 nikitokea Uvira. Nilikuwa na begi moja, na namba ya simu ya binamu yangu ambayo ilikuwa haiiti tena. Sisi wa Kongo tunaiita nchi hii Afsud, Watanzania wanaiita Bondeni. Iite utakavyo, swali la usiku wa kwanza ni moja tu: nitalala wapi na watoto?

Kama umepitia Nyarugusu, au Kakuma, au Dzaleka, ulizoea kuonyeshwa kiwanja na kupewa turubai. Afrika Kusini haina kambi za wakimbizi. Hapa hakuna wa kukuonyesha kiwanja. Unakaa mjini pamoja na watu wengine, na unapanga. Hiyo ni heshima, lakini pia ni mzigo, maana kosa la kwanza ambalo mgeni hulifanya katika mji huu mara nyingi ni kosa la nyumba.

Kazi yangu ni hiyo ya nyumba. Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam ningeitwa dalali, kwetu Uvira ningeitwa komisioneri. Nikuelezee kwanza siku yangu ilivyo, ili ukikutana na mtu kama mimi ujue anafanya nini, na ujue pia wapi anaweza kukudanganya.

Siku yangu ya kazi

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya chai simu imeshaita mara tatu. Mmoja bomba limepasuka huko Kensington. Mwingine jirani amepiga muziki mpaka asubuhi. Wa tatu anataka chumba, ana rand 2,000, watoto wanne, na anataka karibu na shule. Natoka na mkungu wa funguo kiunoni, mke wangu husema nalia kama ng'ombe mwenye kengele. Napanda teksi, zile basi ndogo ambazo unazisimamisha kwa kidole, na kila kidole kina maana yake ya njia. Nitaonyesha vyumba Yeoville asubuhi, Bertrams mchana, jioni nitashuka kusini, Rosettenville na Turffontein.

Siku kubwa kwetu ni tarehe moja. Siku hiyo mji mzima unahama. Utaona magodoro juu ya magari, friji kwenye mkokoteni wa kukodi, mama amebeba televisheni kama mtoto mchanga. Hiyo ndiyo siku ya furaha katika kazi yangu: unamkabidhi mtu ufunguo, anafungua, anaingia, halafu anafunga mlango kwa ndani. Wengi huufunga mara mbili au tatu, wanajaribu tu. Mtu aliyelala porini anajua utamu wa kufunga mlango wake mwenyewe.

Lakini tarehe moja ndiyo pia siku ya kilio. Sasa nitakuambia habari ambayo sipendi kuisimulia.

Tarehe moja ya mwaka 2013

Wakati huo sikuwa na cheti chochote. Nilikuwa nikizunguka tu na watu wenye funguo, nikiwaletea wapangaji, nikipewa changu kidogo. Kulikuwa na bwana mmoja, alivaa vizuri, alizungumza vizuri, na alikuwa na ufunguo wa flati moja huko Berea. Vyumba viwili, sakafu ya mbao, dirisha linatazama bustani. Aliniambia mwenye nyumba yuko Cape Town, yeye ndiye msimamizi.

Nikampeleka mama mmoja kutoka upande wa Fizi, mjane, na watoto watatu. Nilimpeleka kwa sababu alikuwa mtu wa kwetu na nilimhurumia. Akaipenda. Akatoa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti, pesa ambazo alizikusanya kwa miezi minane akisuka nywele za watu. Yule bwana alizihesabu, akazitia mfukoni. Hakuandika kitu. Mimi nikapewa rand 400.

Tarehe moja nikaenda kumsaidia kuhamia. Tulipofika ghorofa ya tatu tulikuta familia nyingine mbili mlangoni, kila moja na vyombo vyake. Wote watatu walikuwa wamelipia flati ile ile, kwa bwana yule yule. Na ndani kulikuwa na mpangaji halali, hajui lolote, anakunywa chai. Ufunguo ule ulikuwa wa mtu aliyewahi kukaa pale zamani. Simu ya yule bwana haikupatikana tena.

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya godoro lake pale koridoni, akanitazama, akaniuliza: "Mwanangu, na wewe ulijua?"

Sikujua. Ndugu zangu, naapa sikujua. Lakini sikuuliza pia. Sikuuliza jina la mwenye nyumba. Sikuomba karatasi. Rand 400 zilinifunga mdomo, na ule "utu wa kwetu" ulimfunga yeye macho. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa Johannesburg atakayekuibia pesa ya nyumba mara nyingi hatakuwa mtu wa lugha ngeni. Atakusalimia kwa lugha ya mama yako.

Nilimrudishia zile 400. Zilizobaki hazikurudi. Familia ile ililala kwenye ukumbi wa kanisa wiki tano. Baada ya hapo niliamua mambo mawili: ama niache kazi hii, ama niijue. Nikaenda kusoma, nikafanya kazi chini ya wakala aliyesajiliwa mpaka na mimi nikapata cheti. Ninayokuambia sasa ni yale ambayo ningepaswa kumwambia mama yule.

Uliza kabla ya kutoa

Mwenye ufunguo si mwenye nyumba. Liweke hilo moyoni. Ufunguo unachongwa dukani kwa dakika tano.

Kwanza, anayejiita wakala akuonyeshe cheti chake. Tangu Februari 2022 sheria mpya ya mawakala wa nyumba inafanya kazi, na mamlaka inayowasimamia inaitwa Property Practitioners Regulatory Authority. Kila wakala lazima awe na karatasi inayoitwa Fidelity Fund Certificate. Litaje hivyo hivyo kwa Kiingereza, watakuelewa. Asiye nayo haruhusiwi kisheria kulipwa kwa kazi hiyo. Akikasirika kwa kuulizwa, jibu umeshalipata.

Pili, jua mwenye nyumba ni nani. Mwombe akuonyeshe bili ya Jiji ya maji au kodi ya jengo, yenye jina na anwani. Jina la bili lilingane na jina la mkataba. Na kwa ada ndogo, ofisi ya hati za ardhi itakuambia nyumba fulani ni mali ya nani. Hiyo si siri, kila mtu ana ruhusa ya kuuliza.

Tatu, ingia ndani. Usilipie picha. Siku hizi wezi hawana haja hata ya ufunguo. Wanaweka kwenye simu picha ya flati nzuri ya Sandton, bei ya chumba cha Hillbrow, wanakuambia, "Tuma dipoziti leo, kuna mtu mwingine anaitaka." Anayekukimbiza anajua kwa nini anakukimbiza.

Nne, risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Nyumba za Kupanga ya mwaka 1999 inamlazimu mwenye nyumba kukupa risiti kwa kila malipo. Na ukiomba mkataba uandikwe, ni lazima auandike. Kama hujui Kiingereza, usiweke saini siku hiyo. Leta karatasi hapa ofisini tukusomee. Hakuna mkataba unaooza kwa kulala usiku mmoja.

Dipoziti ni pesa yako

Watu wengi hudhani dipoziti ni zawadi ya mwenye nyumba. Hapana. Ni pesa yako, yeye anaitunza tu, na anatakiwa kuiweka benki kwenye akaunti yenye riba. Riba hiyo pia ni yako.

Siku ya kuingia, nyinyi wawili mkague nyumba pamoja. Kioo kilichopasuka, bomba linalovuja, ukuta wenye ukungu, vyote viandikwe. Piga picha kwa simu. Siku za mwisho, kabla hujatoka, mkague tena pamoja. Kama hakuna kilichoharibika na hudaiwi, dipoziti na riba yake virudi ndani ya siku 7. Kama kuna cha kutengeneza, anakata gharama hiyo kwa kukuonyesha risiti za fundi, kisha anakurudishia kilichobaki ndani ya siku 14. Asipokagua pamoja na wewe, sheria inachukulia kwamba ameikubali nyumba iko sawa. Lakini na wewe ukiitwa kukagua usipotokea, anakagua peke yake na ana siku 21. Kwa hiyo usitoroke usiku, hata kama mmekosana. Anayetoroka huacha pesa zake nyuma.

Hakuna wa kukutoa barabarani kwa nguvu

Sasa sikia hili vizuri, maana najua mmekimbia nyumba zenu kwa sababu ya watu wenye nguvu.

Katika nchi hii, Katiba yenyewe, kifungu cha 26, inasema mtu hatolewi nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Si mwenye nyumba, si walinzi wake, si polisi. Akitaka kukutoa lazima aende mahakamani, nawe upewe taarifa ya maandishi walau siku 14 kabla ya kesi kusikilizwa. Hakimu ataangalia kama kuna watoto, wazee, walemavu, au familia inayoongozwa na mwanamke. Kubadilisha kitasa wewe ukiwa kazini, au kukukatia umeme na maji ili utoke mwenyewe, ni kinyume cha sheria.

Likikutokea, kuna Rental Housing Tribunal, yaani baraza la migogoro ya nyumba za kupanga la jimbo la Gauteng. Hutozwi hata senti, na huhitaji wakili. Uamuzi wake una nguvu kama wa mahakama. Nimewasindikiza watu pale. Nimewaona wakitoka na dipoziti yao.

Lakini nisikudanganye: sheria hii si leseni ya kukaa bure. Ukipeleka malalamiko, endelea kulipa kodi. Siku ukijua mwezi huu utakwama, mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe, usingoje akubishie hodi. Januari ni mwezi mgumu kwa kila mtu mjini hapa, na wenye nyumba wengi niwajuao humvumilia aliyesema. Aliyezima simu hawamvumilii.

Nyumba rahisi zinazoua

Kuna jambo ningependa kulipita, lakini siwezi. Katikati ya mji kuna majengo ambayo watu huyaita majengo yaliyotekwa. Mwenyewe aliondoka, au jengo ni la Jiji na halisimamiwi, kisha kikundi cha watu kikajifanya ndicho mwenye nyumba na kuanza kukusanya kodi. Bei ni ndogo. Hakuna karatasi. Kwa mtu aliyeshuka basi jana, inaonekana kama neema.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, jengo moja la namna hiyo liliwaka moto huko Marshalltown, mtaa wa Albert namba 80. Linaitwa Usindiso. Ndani vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa mbao na mapazia, na mageti yalikuwa yamefungwa. Watu waliruka madirishani, akina mama waliwarusha watoto ili wadakwe chini. Walikufa watu zaidi ya 70, na miongoni mwao walikuwamo wageni kama sisi, wa Malawi na wa Tanzania. Jengo lilikuwa mali ya Jiji lenyewe, na tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ilisema wazi kwamba Jiji lina lawama.

Zamani, enzi za ubaguzi, jengo hilo hilo lilikuwa ofisi ya pasi. Watu weusi walipanga foleni pale kungoja kuambiwa kama wanaruhusiwa kukaa na kufanya kazi katika mji huu, au warudi walikotoka. Kila nikipita naliwaza hilo. Ni nyumba moja, ila kila kizazi kilipata adhabu yake mlangoni pale.

Basi ukipelekwa kuona chumba, kabla ya kuangalia bei angalia ngazi. Je, kuna njia ya pili ya kutokea? Imezibwa? Geti likifungwa usiku, nani ana ufunguo? Nyaya za umeme zinatoka kwenye mita, au zinaning'inia kutoka mtaani? Maji yako ndani, au kuna bomba moja kwa jengo zima? Ukiona kuta za mbao nyembamba na majiko ya mafuta ya taa, rudi. Heri kubanana chumba kimoja na mwenzako kwa miezi miwili zaidi ukitafuta.

Utakapoambiwa hapana

Siku nyingine napiga simu kwa mwenye nyumba, tunaelewana bei, kisha anauliza, "Ni mtu wa wapi?" Nikisema Kongo au Burundi, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Wapo watakaokuita kwerekwere. Sheria ile ya 1999 inakataza kumbagua mpangaji kwa kabila, rangi, lugha au asili yake, na unaweza kulalamika kwa baraza nililolitaja. Lakini tofautisha mambo mawili. Akikuuliza hati, si lazima awe anakubagua: sheria ya uhamiaji inamkataza kumpangisha mtu asiye na kibali. Kwa hiyo tunza hati yako ya kuomba hifadhi au ya ukimbizi, angalia tarehe yake, anza kuihuisha mapema. Piga picha, mtumie ndugu nakala. Kama unauza sokoni au unasuka na huna barua ya mwajiri, andika mapato yako kwenye daftari kila siku. Nimewapatia watu nyumba kwa daftari la shule la kurasa 72.

Na usikate tamaa na wenyeji. Chumba changu cha kwanza nilipewa na gogo mmoja wa Kizulu, chumba cha uani. Gogo ndiyo koko kwetu, bibi. Sikujua lugha yake wala yeye yangu. Alinionyesha kwa vidole siku ya kulipa, na kila nilipolipa aliandika kwenye kijitabu, akanipa kalamu na mimi nitie saini. Nilidhani ananidharau, haniamini. Leo najua alikuwa akinilinda mimi na yeye pia.

Neno la mwisho kabla hatujanywa chai. Ukishapata nyumba, utapigiwa simu na binamu, na rafiki wa binamu. Wapokee, sisi si watu wa kufunga mlango. Ila kumbuka mkataba una jina lako. Kama umeandika watu wanne, mkawa kumi na moja, atakayeitwa ni wewe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: mlete hapa, tumsaidie atafute chake.

Yule mama wa Fizi yupo. Anakaa Rosettenville, nyumba niliyompatia mimi mwenyewe mwaka 2016, baada ya kukataa mara mbili kupokea simu yangu. Mkubwa wake sasa anafanya kazi. Kila mwezi mama hunipa kodi mkononi niifikishe ofisini, hataki mambo ya benki. Ananihesabia noti moja moja. Kisha hanipi kwaheri, hanipi maji, anasimama tu mlangoni amenyoosha kiganja mpaka niandike risiti, aisome, aikunje, aitie kwenye kitambaa chake.

Hajawahi kusema amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Lakini kila nikiandika risiti ile naiandika vizuri, kwa herufi kubwa, na tarehe.

Fanyeni kama yeye. Hata kwangu mimi, mkinipa pesa, nyoosheni kiganja.